Mashine Isiyopenda Wazee

Kibondo,
Jumatatu, 14 Julai 2025

Baba Mdogo Mudathiri,

Shikamoo. Shikamoo ya pili mpelekee Mama Mdogo Asia, na ya tatu Bibi, umpe mkononi kabisa asije akasema nimemsahau. Nawasalimu Nurudini na mkewe, Firdausi na mtoto wake mchanga ambaye sijamwona ila nasikia amechukua pua ya ukoo wetu, Mama Ange jirani yenu, binti zake wote wanne, yule fundi viatu wa mbele ya duka lako, na wote wa msikitini wanaonijua. Sisi huku wazima. Baba mzima, Mama mzima, paka amerudi. Maharage tumevuna na vumbi jekundu limetujaa hadi kwenye chai. Kama kuna mtu nimemruka, si kwa kukusudia, naye nimemsalimu.

Sasa nije kwenye shida. Unajua redio ya kijamii ya hapa ilinichukua niwe fundi mitambo kwa majaribio ya miezi mitatu. Miezi hiyo inaisha Jumamosi ya tarehe 26. Kazi niliyopewa ni moja tu: kuondoa kadi za salamu na kuweka mfumo wa kompyuta. Zamani msikilizaji alinunua kadi yenye mistari kumi, akajaza majina ya watu anaowasalimu, akaileta, Dorcas mtangazaji akaisoma hewani. Sasa mtu anakuja barazani kwetu, anaandika kwenye kishkwambi, au anatumia simu yake mwenyewe kwa waifai ya redio bila bando, na salamu zinamtokea Dorcas kwenye kioo chake studio.

Ndani ya kompyuta yetu kuna programu mbili. Ya kwanza ni seva ya wavuti, nayo ipo kama mlango, inapokea watu. Ya pili ni seva ya programu, nayo ipo kama jiko, inazipanga salamu na kumpakulia Dorcas. Baba Mdogo, mlango na jiko havielewani. Mtu anaandika vizuri, anabonyeza Tuma, kioo kinamtolea namba 502 na maneno yake yote yanapotea. Si kila mara. Hilo ndilo linalonitia wazimu.

Mzee Stanislaus, mwenyekiti wa kamati, hakuupenda mfumo huu tangu siku ya kwanza. Ametangaza kwamba Jumamosi hiyo ataujaribu mwenyewe mbele ya kamati nzima. Ukigoma, kadi zinarudi, nami narudi dukani kwa Baba kupima misumari. Sitaki kurudi dukani. Naipenda kazi hii mpaka naona aibu kuisema.

Nimekupigia mara tatu, mara tatu umeniambia niandike. Haya, nimeandika.

Mwanao,
Safina

*

Kasulu,
Jumanne, 15 Julai 2025

Safina mwanangu,

Marahaba. Barua nimeipokea kwa kondakta wa basi la asubuhi, bahasha imenona mpaka nikadhani umeniletea karanga. Nikaifungua kwa furaha. Ukurasa wa kwanza salamu. Nusu ya ukurasa wa pili, salamu bado, na paka amerudi. Kosa la mashine limejitokeza pale chini, limechoka kusubiri.

Nilikaa Dar miaka kumi na tisa kwenye vyumba vya seva, na nilichojifunza ni hiki: kwenye simu mtu hueleza anachodhani, akishika kalamu hueleza alichokiona. Ndiyo maana nakuandikisha. Lakini basi uandike! Kuanzia leo ni mashine tu. Salamu acha, habari za watu acha, nani kavuna nini acha. Shikamoo moja inatosha, nami nitaigawa.

Sasa kazi. Kwanza hakikisha jiko limewaka wakati mlango unapogonga, maana wengine huwasha mlango tu wakaenda kunywa chai. Kisha angalia poti, yaani namba ya tundu wanalopitishia mawasiliano. Mlango umeambiwa ugonge poti namba ngapi, na jiko limekaa poti namba ngapi? Zikitofautiana hata kwa moja, umepata mchawi wako. Halafu fungua logi za pande zote mbili, yaani daftari zao za matukio, unakili mstari kama ulivyo, usinirembeshee. Jaribu mwenyewe mara nyingi, uniandikie ngapi zimepita na ngapi zimegoma.

Na usiogope. Hakuna mashine inayomchukia mtu.

Baba yako mdogo,
Mudathiri

*

Kibondo,
Alhamisi, 17 Julai 2025

Baba Mdogo,

Shikamoo. Mashine tu.

Jiko limewaka. Poti ni ileile pande zote mbili, nimeilinganisha kwa kidole, nikamwita Shadia wa mapokezi aitazame naye.

Nimejaribu mara arobaini. Niliandika "jaribu moja" mpaka "jaribu arobaini". Zote zimepita. Dorcas alizisoma hewani kwa utani mpaka ya kumi na nne, watu wakapiga simu kuuliza Jaribu ni nani na ana watoto wangapi.

Shadia amejaribu, imepita. Vijana wa bodaboda wamejaribu, zimepita zote.

Mama Maximilla muuza ndizi: imegoma mara nne. Mzee Havyarimana: imegoma mara tatu. Mwalimu mstaafu Reverien: imegoma mara mbili, akaondoka.

Logi ya mlango inasema jiko limekata mawasiliano kabla ya kujibu. Logi ya jiko haisemi chochote, kana kwamba hakuna aliyekuja.

Wewe umesema hakuna mashine inayomchukia mtu. Hii inachukia wazee.

Safina

*

Kasulu,
Ijumaa, 18 Julai 2025

Safina,

Hiyo ndiyo barua! Nimeisoma nimesimama. Nusu ukurasa, namba zimo, upuuzi haumo, isipokuwa huyo Jaribu na watoto wake.

Nimelala nalo, nimeamka nalo, na nimelipata. Ni vidole. Mzee anaposhika kishkwambi hakigusi, anakikandamiza kama anapiga muhuri wa kijiji. Kidole kinakaa muda mrefu, mashine inadhani amebonyeza Tuma mara tano, mlango unagonga jikoni mara tano kwa pamoja, jiko linachanganyikiwa na kukata mawasiliano. Vijana wanagusa mara moja na kuondoa. Ndiyo maana wanapita.

Wafundishe wazee kugusa. Mguso mmoja, mwepesi, kama unagusa chungu kuona kama kimepoa. Jumatatu uniandikie kwamba imekwisha.

Nimejisikia fundi tena. Mama yako mdogo ananicheka kwa sababu naimba nikichomelea redio za watu.

Mudathiri

*

Kibondo,
Jumatatu, 21 Julai 2025

Baba Mdogo,

Shikamoo.

Haijakwisha.

Jumamosi niliwapanga wazee tisa kwenye benchi, nikawafundisha kugusa. Mama Maximilla alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema kwa sauti ya soko zima: "Yaga, jamani we mwana, nimekanda unga kabla mama yako hajazaliwa, leo unanifundisha kidole!" Benchi lote likacheka, mimi nikacheka nikitaka kulia. Hata hivyo waligusa, wepesi kabisa. Imegoma kwa saba kati ya tisa.

Ndipo nikamwambia Shadia awaandikie na kuwabonyezea yeye. Kidole ni cha Shadia, kilekile kinachopita kila siku. Ikagoma. Shadia huyohuyo akaandika za kwake, zikapita. Kwa hiyo si kidole.

Mzee Havyarimana aliniambia kwa upole: "Wakati tunakuja nchi hii kutoka Burundi tulijaza karatasi nyingi, zote zikanikubali, mpaka ya uraia. Hii yako ndiyo ya kwanza kunikataa." Alikuwa anatania. Mimi sikuweza kutania.

Na kuna jambo sikukuambia, kwa sababu si la mashine. Mzee Stanislaus ameshaagiza kadi mpya. Nimeziona zimefungwa kwenye karatasi ofisini kwake. Anaona ameshashinda. Zimebaki siku tano.

Safina

*

Kasulu,
Jumanne, 22 Julai 2025

Kwako Safina,

Hii si ya baba yako mdogo, ni ya Asia. Nimenyang'anya kalamu.

Mwanangu, nimekukosea nini? Barua ya kwanza ulinisalimu vizuri, Bibi akasomewa mara mbili. Ya pili ikaja haina jina langu, wala la Bibi, wala la mtoto. Nikasema ana kazi, tumsamehe. Jana ikaja ya tatu, kavu kama muhogo wa juani. Bibi aliuliza, "Safina ametuma salamu?" Nikamdanganya kwamba ametuma. Leo asubuhi nimemuuliza mume wangu huyu mmefanyana nini na mtoto, akasema, bila hata haya, kwamba ni yeye aliyekukataza! Eti salamu zinamchelewesha.

Mimi ni wa Nyakitonto. Kwetu ukikutana na mtu njiani unauliza habari za nyumba yake, za mashamba yake, za mifugo yake, na za wale aliowaacha huko alikotoka, kwa majina. Ukitaja watatu na kumruka wa nne, huyo wa nne hatakusahau mpaka kifo. Nimemwambia hivyo.

Halafu nina swali, nalo nakuuliza wewe. Mimi mambo ya milango na majiko yenu siyajui. Lakini barua zote hizi umeandika nani amegoma na mara ngapi. Hujaandika hata mara moja wanachokiandika hao wazee. Wewe unaandika "jaribu moja". Maximilla anaandika nini? Nakili salamu zake zote, neno kwa neno, utume kwa basi la kesho. Zote, Safina. Hata kama mtu fulani atalalamika.

Mama yako mdogo anayekupenda,
Asia

*

Kibondo,
Jumatano, 23 Julai 2025

Mama Mdogo Asia, na Baba Mdogo,

Shikamooni. Mama Mdogo, nisamehe sana. Kila barua niliiona imepungukiwa, nikawa naifunga haraka nisiitazame. Mwambie Bibi salamu zile ulizomdanganya ni za kweli, maana nilikuwa nazo kifuani.

Nilienda kwa Mama Maximilla kumwomba anisomee upya. Alikaa, akafunga kanga vizuri, akaanza. Kalamu ya kwanza iliniishia wino, nikachukua ya pili. Mwanzo wake ni huu:

"Mimi Maximilla, muuza ndizi nyuma ya kisima, namsalimu kwanza dada yangu mkubwa wa Buhigwe na mume wake mwenye mguu, Mungu amponye, watoto wao saba nikianza na wa kwanza" (amewataja wote saba, na wake zao), "na mama mkwe wa huyo wa tatu aliyenipa mbegu za maharage mwaka ule wa jua, na majirani zake upande wa juu, na wa upande wa chini pia wasije wakanuna, na kwaya nzima ya kigango, sauti ya kwanza, sauti ya pili, na yule mpiga kayamba, na ng'ombe wangu Bihogo niliyemwacha kwa dada, aambiwe nakuja..."

Inaendelea karatasi nne, nimeziambatanisha. Nimehesabu watu themanini na watatu, bila Bihogo.

Kisha nikauliza wale wazee wawili ambao walipita siku ile kwenye benchi waliandika nini. Mmoja alisalimu mke wake tu, kwa sababu ndugu wengine alishawaona mnadani asubuhi. Wa pili hana ndugu hapa.

Tafadhali mjibu upesi.

Safina

*

Kasulu,
Alhamisi, 24 Julai 2025

Safina mwanangu, fundi, mtoto wa kaka yangu,

Mama yako mdogo amenisimamia begani. Nakusalimu. Namsalimu kaka yangu, na shemeji yangu Mama Safina, Shadia wa mapokezi, Dorcas wa studio, Mama Maximilla na dada yake wa Buhigwe na watoto wote saba, Mzee Havyarimana, Mwalimu Reverien, wazee wa benchi, na paka aliyerudi. Bihogo pia, nimeambiwa nimtaje.

Nilipozishika karatasi zile nne nilicheka mpaka mteja akatoka dukani. Kisha niliona aibu. Jibu lilikuwa kwenye kile nilichokukataza kuandika. Nimekaa Dar miaka kumi na tisa, huko watu wanasalimiana kwa dole gumba, nikasahau jinsi watu wetu wanavyosalimiana.

Sikiliza sasa. Fomu yako ya salamu inafanya kosa ambalo mtu wa posta angecheka. Badala ya kuweka salamu ndani ya bahasha, inaziandika zote juu ya bahasha, pale pa anwani. Salamu fupi inaenea. "Jaribu moja" inaenea na nafasi inabaki. Za Maximilla zinajaza bahasha na kumwagika pembeni. Mlango wenu umewekwa kukubali anwani ndefu, kwa hiyo unaipokea na kuipeleka jikoni. Jiko limewekwa lisome herufi elfu mbili tu, zikizidi linaitupa bahasha bila kuifungua na kukata mawasiliano. Ndiyo maana logi yake ilikuwa kimya. Mlango ukaachwa unagonga, ukatoa 502.

Dawa. Kwenye fomu kuna neno linalosema salamu zisafiri vipi. Ni neno moja, utaliona kwenye mstari wa kwanza kabisa wa fomu. Libadilishe, ziingie ndani ya bahasha. Kisha fungua setingi za mlango na za jiko, uweke kipimo kimoja cha uzito wa bahasha pande zote mbili, kikubwa. Zima vyote viwili, washa jiko kwanza, kisha mlango. Halafu usijaribu na "jaribu moja", nitakuja huko kukuchapa. Jaribu na Maximilla.

Vidole ni kosa langu. Waombe radhi wazee kwa jina langu, mmojammoja.

Jumamosi tutafungulia redio hapa dukani. Ukiinamisha eriali kuelekea mlima tunawapata, ingawa mnakoroma kidogo.

Baba yako mdogo,
Mudathiri

*

Kibondo,
Jumapili, 27 Julai 2025

Baba Mdogo, Mama Mdogo, Bibi, Nurudini na mkeo, Firdausi na mwanao, Mama Ange na binti zako wanne, fundi viatu na familia yako, na wote mliokuwa dukani jana mkiinamisha eriali,

Shikamooni na hamjambo! Najua mmesikia, lakini redio haina macho, ngoja niwaonyeshe.

Ijumaa nilibadilisha lile neno moja. Nikasawazisha vipimo, nikawasha jiko, nikawasha mlango. Nikamwita Mama Maximilla. Shadia alimwandikia watu wote themanini na watatu, na wengine sita aliowakumbuka palepale. Akabonyeza yeye mwenyewe, kwa kidole chake cha kukanda unga. Halafu tukamsikia Dorcas akipiga kelele ndani ya studio: "Jamani, huyu ana kijiji kizima!" Mama Maximilla alipiga vigelegele, akanikamata, tukazunguka baraza lote. Mzee Havyarimana alituma za kwake, zikapita. Akakivulia kishkwambi kofia.

Lakini hiyo ilikuwa Ijumaa. Jana ndiyo ilikuwa siku yangu ya kunyongwa.

Kamati ilikuja yote, wajumbe saba. Mzee Stanislaus alikuja na zile kadi mpya, akaziweka mezani, akaketi mbele ya kishkwambi. Nilimwambia Shadia anaweza kumwandikia. Akasema, "Nina mikono." Akaandika kwa kidole kimoja. Dakika arobaini! Dorcas alipiga nyimbo zote anazozijua. Mimi nilisimama nyuma ya mlango, nikiwaza duka la Baba na ile mizani ya misumari.

Alipofika karibu na mwisho akasimama. Akauliza bila kugeuka:

"Nafasi bado ipo?"

"Ipo, mzee."

"Ya jina moja?"

"Hata ya mia, mzee."

Akakaa akiitazama ile mashine. Nilidhani anatafuta kosa. Mjumbe mmoja alikohoa, mwingine akaangalia saa. Halafu akaandika tena, polepole sana, herufi kwa herufi, akabonyeza Tuma, akafumba macho.

Zilipita. Dorcas alianza kuzisoma, majina hamsini na manne, nami nikaanza kulia hapohapo kwa furaha, na sikujali nani ananiona. Nilikuwa nimeshapona. Ila lilibaki jina la mwisho. Dorcas alisoma: "Na mdogo wangu Sylvesta, wa Rungwe Mpya. Namsalimu."

Mama Maximilla akashika mdomo. Ndiye aliyeninong'oneza. Wale ndugu wawili waligombania mpaka wa migomba ya baba yao, na miaka kumi na mmoja hawajasemezana. Kila Jumamosi Mzee Stanislaus alituma kadi, na kila Jumamosi jina la Sylvesta halikuwemo. Watu wakimuuliza, alisema mistari kumi imekwisha. Safari hii mistari haikuisha.

Wimbo uliofuata haukufika nusu, simu ya studio ikalia. Dorcas alisikiliza, akatoka mbio mpaka barazani, viatu ameviacha ndani. "Mzee, ni Sylvesta! Anasema ameshapanda gari, anakuja!"

Mzee Stanislaus alisimama, akaketi, akasimama tena. Akatafuta kofia yake ambayo ilikuwa kichwani. Katibu wa kamati, mtu wa taratibu, akapekua makaratasi yake na kusema, "Mwenyekiti, bado hatujajadili ajenda ya Safina."

Mzee alikuwa ameshafika kwenye ngazi.

"Mwandikieni mkataba mtoto wa watu," alisema. "Kikao endesheni nyie. Mimi naenda stendi kumpokea mdogo wangu."

Fundi mitambo wenu,
Safina